Breki ya mkono si usukani wa pili

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na leo nikirudi sitaandika habari za hifadhidata wala simu mpya. Nataka kuandika kuhusu kipande cha chuma kinachokaa kati ya viti viwili vya mbele vya gari, na jinsi kilivyonitia aibu mbele ya watu sokoni Kangeta.

Ilikuwa hivi. Jumapili moja asubuhi mimi na marafiki watatu tulipanga koni kwenye kiwanja cha udongo mwekundu ambacho mmoja wetu alikuwa amekisawazisha kwa ajili ya ujenzi. Tukacheza otokrosi hadi saa saba mchana. Gari langu ni Toyota Starlet ya gia za mkono, inayovutwa na magurudumu ya mbele, na umri wake umepita miaka 30. Njia tuliyochora ilikuwa na sehemu mbili za kuizunguka koni moja na kurudi ulikotoka, na kila nilipofika pale nilivuta breki ya mkono. Mkia unafagia, vumbi linapanda, marafiki wanapiga mbinja. Raha tupu.

Baadaye tukashuka Kangeta kutafuta chakula. Nikaegesha kwenye mteremko, nikavuta breki ile ile, nikaacha gia huru kama nilivyozoea, nikatoka. Nilikuwa bado nahesabu chenji ya ndizi niliposikia, "Wewe kijana! Gari linaenda!" Lilikuwa linaenda kweli, polepole, bila kelele, kinyumenyume, kuelekea meza ya nyanya. Gurudumu la nyuma likaingia mtaroni na gari likasimama, kiganja kimoja tu kutoka kwenye meza. "Pole sana, mama," nikasema. Akanijibu, "Pole nitauza?"

Fundi alipolifungua gari kesho yake alikuta waya wa breki upande wa kushoto umechanika pale unapopita kwenye kishikio chake, zimebaki nyuzi chache za kuhesabu. Akanitazama. "Umekuwa ukifanya nini na hii hendibreki?" Nikamwambia. Hakucheka.

Basi maoni yangu ya leo ni haya, na najua wapenzi wa mchezo huu watanirukia: kwa dereva wa ridhaa anayecheza na gari analorudi nalo nyumbani, breki ya mkono iwe kitu cha mwisho kujifunza. Wengi wetu tumeifanya kuwa cha kwanza.

Kwa asiyejua, otokrosi ni mashindano ya gari na saa kwenye njia fupi iliyofungwa. Neno lenyewe lina maana tofauti kidogo kila nchi. Marekani wanapanga koni juu ya lami kwenye uwanja mkubwa wa maegesho. Hapa Kenya, chini ya shirikisho la KMSF, ni njia ya udongo, na kuna madaraja mengi, kuanzia vigari vya watoto wadogo hadi magari ya magurudumu manne yenye turbo. Uingereza wana mchezo mwingine wa koni wanaouita autotest, na huko breki ya mkono ni sehemu ya mchezo kabisa: bila hiyo huwezi kushinda. Nadhani video za watu wa huko, pamoja na zile za Wajapani na gymkhana yao, ndizo zilizotuaminisha kwamba kila kona inataka mkono.

Tuangalie kinachotokea. Breki ya mguu husukuma mafuta kwenye magurudumu yote manne. Breki ya mkono, kwenye magari mengi ya zamani, ni waya tu. Unavuta mkono, waya unavuta mikono midogo ndani ya dramu za nyuma, breki shuu zinapanuka na kukamata dramu. Hakuna mafuta, hakuna kompyuta, hakuna ABS ya kukusaidia. Ukivuta kwa nguvu gari likiwa mwendoni, magurudumu ya nyuma yanafunga kabisa.

Hapo ndipo penye ujanja. Tairi linalozunguka linaweza kushika ardhi kwa upande, ndiyo maana gari halitelezi kila unapokata kona. Tairi lililofunga halina tena upande. Linaburutwa tu kuelekea lilikokuwa linakwenda, kama gunia. Kwa hiyo ukiwa umeshakata usukani halafu ukafunga ya nyuma, pua inaingia kwenye kona, mkia unaendelea na safari yake ya zamani, na gari linajizungusha. Ukiachia mkono kwa wakati, matairi ya nyuma yanaanza kushika tena, unakanyaga mafuta, pua inakuvuta kutoka. Kidole gumba kibaki kimebonyeza kitufe muda wote. Ukikisahau, breki inajifunga yenyewe na utabaki katikati ya kiwanja ukipambana nayo kama mimi siku ya kwanza.

Angalia kwamba hakuna mahali popote katika maelezo hayo ambapo gari limepata mshiko zaidi. Limepoteza. Breki ya mkono inageuza pua ya gari. Njia ambayo gari zima linapita haigeuki kwa kiasi hicho, na gharama yake ni mwendo.

Tufanye hesabu kidogo, maana hii ni blogu ya programu na siwezi kujizuia. Tuseme mshiko wa matairi kwenye udongo mkavu ni 0.5, makadirio ya kawaida tu. Koni ya kugeuka nyuma inakutaka upite duara lenye nusu kipenyo cha mita 5, ambacho ni karibu na mwisho wa usukani wa gari dogo. Mwendo mkubwa kabisa unaowezekana hapo ni kama kilomita 18 kwa saa, na nusu duara ni karibu mita 16. Kwa hiyo ukizunguka kwa usukani peke yake unatumia zaidi kidogo ya sekunde 3. Hapo breki ya mkono inaweza kukusaidia, kwa sababu kwa mwendo huo mdogo huna cha kupoteza. Ulikuwa karibu kusimama hata hivyo.

Sasa chukua kona ya kawaida, robo duara yenye nusu kipenyo cha mita 20. Mwendo unaowezekana unapanda hadi karibu kilomita 36 kwa saa. Ukivuta mkono hapo na kutoka ukiwa na kilomita 10, inabidi kijigari chako kirudishe mwendo wote ule kwenye udongo unaoteleza. Kwa Starlet, nikikisia inaongeza mita 2.5 kwa sekunde kila sekunde, hasara inakuwa kama sekunde nzima kwenye kona moja. Mashindano ya otokrosi huamuliwa kwa sehemu za sekunde. Lakini aliyevuta mkono ndiye aliyepigiwa mbinja, na yeye mwenyewe anaamini alikuwa na kasi, kwa sababu kelele na vumbi vilikuwa vingi. Ni kama programu inayoonyesha mistari mia ya maandishi kwenye skrini: mtumiaji anadhani inafanya kazi sana.

Na hapa niseme ukweli ambao haukunipendeza. Mara nyingi nilipovuta mkono ilikuwa ni kwa sababu nilikuwa nimeingia kona na mwendo mkubwa mno, pua inakataa kugeuka, nami natafuta kiraka. Kosa lilikuwa mita 20 nyuma, pale nilipochelewa kukanyaga breki ya kawaida. Mtu anayeandika programu anajua tabia hii. Unaona hitilafu kwenye mstari wa mia mbili, unaweka kiraka pale pale, na chanzo chake kiko mstari wa kumi kikikucheka.

Gari la kuvuta kwa mbele lina njia nyingine za kuachia mkia. Ya kwanza ni kuinua mguu kwenye mafuta ghafla ukiwa ndani ya kona: uzito unahamia mbele, nyuma inakuwa nyepesi, mkia unalegea wenyewe. Ya pili ni kukanyaga breki kidogo kwa mguu wa kushoto huku wa kulia ukiwa bado kwenye mafuta. Injini inaendelea kuyavuta magurudumu ya mbele, kwa hiyo hayafungi kirahisi, na breki inayapunguza ya nyuma. Mguu wa kushoto uliozoea klachi utakanyaga kama unaua nyoka, kwa hiyo anza polepole na mkanda ukiwa umefungwa. Mimi nilijipiga kifua mara tatu kabla ya kuelewa.

Mbinu hii ya mguu wa kushoto ina historia na sisi. Safari Rally ilianza 1953, na katika miaka ya 1960 ilikuwa ikipita barabara za udongo za Afrika Mashariki ambazo mvua ikinyesha zinageuka ugali. Mwaka 1964 Msweden Erik Carlsson alishika nafasi ya pili akiwa na Saab 96, kigari cha kuvuta kwa mbele chenye injini ya chini ya cc 900. Mbele yake kulikuwa na Ford Cortina GT ya Peter Hughes. Carlsson alikuwa mmoja wa waliojulisha dunia breki ya mguu wa kushoto, na sababu haikuwa maonyesho. Injini ndogo namna ile ukiiachia ikapoteza mizunguko, kuirudisha ni kazi. Ilibidi atafute namna ya kugeuka bila kupoteza mwendo. Hiyo ndiyo shida yetu sote wenye Starlet na Vitz, zaidi ya miaka 60 baadaye.

Wenye Subaru wataniambia, hayo ni ya kwako wewe wa mbele tu. Ndugu zangu, nyinyi ndio mnaopaswa kuogopa zaidi. Kwenye gari la magurudumu manne, mbele na nyuma zimeunganishwa kupitia difu ya katikati. Ukifunga ya nyuma kwa mkono, unajaribu kufunga na ya mbele kupitia mashine hiyo hiyo, na injini bado inasukuma. Kinachoumia ni difu, na difu haiuzwi bei ya waya. Watengenezaji wanalijua hili. Mitsubishi Lancer Evolution, kuanzia ya saba, ina difu ya katikati inayoongozwa na kompyuta, na ukivuta mkono kompyuta inaiachia ili magurudumu ya nyuma yawe huru kufunga. Toyota GR Yaris iliyotoka 2020 inafanya jambo la namna hiyo: ukivuta mkono, nyuma inakatwa kutoka kwenye nguvu ya injini. Legacy uliyoinunua kwa mtu Meru mjini haina akili hizo. Usijaribu.

Mfano huo wa GR Yaris unanigusa kama mtengeneza programu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 magari mapya yamekuwa yakiondoa mkono na kuweka kitufe. Ukivuta kitufe mwendoni, magari mengi yanasoma kwamba una dharura: kompyuta inakanyaga breki za magurudumu yote manne, kwa utaratibu, bila kuruhusu lolote lifunge. Gari linasimama likiwa limenyooka. Mkia hautaenda popote. Kwa maneno mengine, mkono wa zamani ulikuwa amri, kitufe ni ombi, na programu ndiyo inayoamua ulitaka nini.

Marafiki zangu wanalalamika kwamba huu ni wizi wa uhuru wa dereva. Mimi simo. Kama ningeandika programu hiyo ningefanya vivyo hivyo, kwa sababu kati ya watu wote wanaovuta breki ya mkono gari likiwa linakimbia, wachache mno wanazunguka koni. Wengine wote wanaogopa kufa. GR Yaris wamebakiza mkono wa chuma kwa sababu mnunuzi wake anajulikana: alinunua gari la rali. Kila mmoja amepewa chombo kinacholingana na hatari yake. Sisi tatizo letu ni kwamba tunafanya mambo mawili kwa gari moja.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Kangeta iko kwenye barabara ya Meru kwenda Maua, katikati ya nchi ya miraa, kiasi kwamba jina lenyewe ni jina la aina ya miraa hadi mbali huko kwa walaji ambao hawajawahi kuuona mji huu. Zao lile halisubiri. Likishachumwa linapoteza nguvu ndani ya siku mbili hivi, na ndiyo maana pikapu zinazolipeleka Nairobi zimejipatia sifa ya kukimbia kama zimeibiwa. Vijana wa hapa wanakua wakiwatazama madereva hao kama sehemu nyingine wanavyowatazama wachezaji mpira. Lakini ukimtazama dereva mzoefu wa pikapu ile, mikono yake iko kwenye usukani na gia. Hagusi breki ya mkono kwenye kona. Hilux nyingi za zamani hata haina mkono kati ya viti, ni mpini wa kuvuta chini ya dashibodi, na ikiwa inasukuma kwa nyuma, ukivuta bila klachi unaizima injini. Sisemi mwendo wao ni mzuri, la hasha. Nasema hata wao wanajua ile breki ni ya nini.

Na ukitoka Meru kwenda Embu, utashuka kwenye daraja la Nithi. Kila mtu wa huku analijua. Julai 2022 basi lilitumbukia pale na zaidi ya watu 30 wakafa, na halikuwa la kwanza. Mteremko mrefu kama ule ndio mahali breki za mguu zinapopata moto na kulegea, na kanyagio likizama hadi chini bila kitu, unabaki na gia ndogo na ule waya. Ule ule niliokuwa naukata nyuzi moja moja kila Jumapili kwa ajili ya mbinja. Nilikuwa nimepanga kwenda Nairobi na Starlet hiyo Ijumaa iliyofuata, mimi na dada yangu na mtoto wake.

Sikuacha mchezo, wala sisemi mtu aache. Bado napenda ile koni ya kugeuka nyuma, na pale navuta, mara mbili au tatu kwa siku badala ya thelathini. Sehemu nyingine zote ninajifunza kwa miguu. Kila baada ya kucheza, gari linapandishwa jeki na fundi anaangalia waya pande zote mbili, hasa pale unapokunjwa. Breki shuu zinarekebishwa kwanza ndani ya dramu, kisha ndiyo waya unakazwa. Wengi wanakaza waya tu, mkono unakuwa mgumu na wanafurahi, kumbe shuu zimekwisha. Nahesabu pia meno: mkono wangu ulikuwa unapanda hadi meno 11 kabla ya kushika, na nilikuwa nimelizoea hilo kama mtu anavyozoea onyo la njano kwenye skrini. Mwisho kabisa, kabla ya kurudi barabarani, nasimama mlimani, navuta, natoa mguu kwenye breki ya kawaida, na kuona kama gari litabaki.

Na nimeweka jiwe ndani ya buti. Jumanne iliyopita nilirudi Kangeta nikaegesha mteremko ule ule. Mama wa nyanya aliinama akaangalia chini ya gurudumu kabla hata ya kunisalimia.

"Naona jiwe," akasema. "Na gia umeweka?"

"Nimeweka, mama."

Akanipimia nyanya za mia, akaongeza mbili.